Kioo cha Pili

Unajifanya unafunga kamba za kiatu. Uko kwenye foleni ya kuuza kahawa hapa Ihanda, na unajua kilo za gunia lako husomwa na mtu aliyekupa mgongo.

Bosi wa mizani ameshusha vioo vya kompyuta kwenye gari: kimoja kikubwa, viwili vidogo. Akamwambia karani wake, "Conjesta, chagua. Kikubwa au hivi viwili? Vingine narudisha dukani Tunduma."

Conjesta alikitamani kile kikubwa, macho yake yapumzike. Kisha akamkumbuka baba yake, alivyokuwa akitoka kwenye mizani hii hii akikunja gunia tupu, asijue lilipimwa kilo ngapi.

"Viwili, bosi."

Bosi akacheka. "Kwani una macho manne, dada?"

Kimoja Conjesta akakiweka mbele yake. Cha pili akakigeuzia dirishani, kikatazama foleni. Gunia la kwanza likapanda mizani, namba ikawaka mbele ya watu wote.

Kicheko cha bosi kikakatika. "Geuza hicho."

Conjesta alikishikilia kioo kwa kiganja. Hakukigeuza. Akakutazama wewe.

Achana na kiatu. Inua kichwa uisome namba hiyo kwa sauti, sasa hivi, kabla bosi hajaufikia waya wa kioo auchomoe.