Dirisha la Aprili

"Kwa wanaosafiri mara ya kwanza, nashauri chumba cha katikati, ghorofa za chini," alisema dada mmoja, wakala wa meli za kitalii pale Southampton, kidole juu ya mchoro. "Hapo haiyumbi sana. Na msichelewe, vya Aprili ijayo vinakwisha."

"Mimi nataka dirisha," alisema Clifford. "Huyu mama akikoroma, nitatazama bahari."

Mkewe hakumrudishia utani kama kawaida yake. Alimuuliza wakala, "Mmoja wetu asipoweza kwenda, jina linabadilishwa? Tuseme aende binti yetu."

"Inawezekana, mama, mkituarifu mapema."

"Asiweze nani?" Clifford alicheka. "Shati la kuvaa melini nimeshanunua."

Hakuna aliyecheka naye. Mkewe aliuvuta mchoro karibu, na hapo Clifford akaiona pete ya ndoa ya mkewe. Ilikuwa imezungushiwa uzi mweupe, mizunguko mingi, isichomoke kwenye kidole kilichokonda. Akakumbuka Jumanne zote ambazo mkewe aliaga kwamba anakwenda kufuma na wenzake, kisha akarudi hoi, bila hata soksi moja aliyofuma.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Chagua dirisha lako kwanza, mpenzi," alisema mkewe. "Dada wa watu anasubiri."