Kikombe cha Njano cha Raya

Darasa zima la chekechea lilikwisha kuchanganya rangi, wawili wawili, na kila meza nyingine ilikuwa na kijani chake. Raya peke yake alikuwa bado ameshika kikombe chake cha rangi ya njano ya biriani, amekikumbatia kifuani.

"Mwalimu, Raya mchoyo!" Faki alishtaki, akiinua kikombe chake cha buluu ya kufulia kanzu. "Hataki kunimiminia!"

"Mchoyo mwenyewe! Ikiingia humo haitaonekana tena."

Mwalimu Biubwa hakumkaripia. Alijua kwamba Ijumaa mama yake Raya anaolewa na baba yake Faki, na mtoto atahamia kwenye nyumba iliyojaa watoto wa watu. Alichana kitambaa cheupe, akachovya ncha yake katika kijani cha meza ya pili, akamshikisha Raya ncha ya juu.

"Tulia nacho, mwanangu. Tazama tu."

Maji yakapanda taratibu. Buluu ilibaki chini kwa uzito wake, na juu yake, bila haraka, ikajitokeza njano safi kabisa.

"Kumbe imo!" Faki alisema, ugomvi ameusahau.

"Ilijificha?" Raya aliuliza.

"Haikujificha," mwalimu alimjibu. "Ilikuwamo, imekaa na mwenzake."

Raya alikitazama kitambaa, kisha akamtazama Faki kwa kitambo.

"Usinisukume mkono," alimwambia.

Akakiinamisha kikombe polepole juu ya kile cha Faki, mpaka tone la kwanza likaning'inia ukingoni.