Gauni la Mke Mwenza

Basi Salha alikuwa na podikasti yake, kile kipindi cha kusikiliza kwenye simu, na wasikilizaji wamebaki tisa. Akajiambia, hiki cha leo nacho kikikosa uhai, naacha. Akaenda kwa Bi Tausi, fundi cherehani, ili mama huyo amsimulie alivyomshonea mke mwenzake gauni la harusi.

"Mama, simamisha mashine kwanza, inaleta kelele."

Bi Tausi akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Nilimshonea," akasema. Kimya. "Likamkaa." Kimya tena. Kisha akacheka. "Mwanangu, mimi mdomo wangu uko mguuni."

Salha akaichukua simu yake iliyokuwa ikirekodi mezani, akainama, akailaza sakafuni karibu na mguu ule.

"Haya, shona, mama."

Mashine ikaanza polepole. "Kiuno nilikibana makusudi," Bi Tausi akasema, na mguu ukazidi mwendo.