Hodi ya Jumba la Mvua

Kitendawili! Nabisha hodi juu ya paa na mikono sina. Fikirini kwanza, hata mjukuu wangu Mishi kilimshinda tangu utotoni.

Nilikwenda kumtembelea. Katika jiji lao mgeni huvishwa bangili inayowaka akisema uongo, na kivutio kisichosifiwa kwa dhati hufungwa. Mnara wao nilisema ni kizunguzungu tu. Tukaingia Jumba la Mvua, anakofanya kazi Mishi.

“Bibi, umeipenda mvua yetu? Usipoisifu, leo wanalifunga jumba.”

Mvua ya mitambo ilianguka kutoka darini hadi kwenye zulia, kimya.

“Mnamwagilia zulia, mwanangu! Bati hamna?”

Akacheka, akabandua bati la kibanda cha mlinzi, akalishika juu ya vichwa vyetu. Ta-ta-ta-ta! Wageni wakaduwaa. Mishi, aliyezaliwa mvua za nje zimekwisha, akatumbua macho.

“Bibi! Kumbe hodi yenyewe ndiyo hii?”

“Ndiyo. Na nimeipenda,” nikasema, na bangili haikuwaka.