Zamu ya Mwanakombo

Fundi wa saluni alimpaka Mwanakombo udongo uso mzima, akamwonya asizungumze usije ukapasuka. "Nikishakuosha utanijibu, dada. Utakuwa unakuja kila wiki au kila mwezi?"

Mwanakombo alikwisha kuamua: kila zamu yake ya mume inapoingia. Atamwonyesha yule mke mdogo.

Fundi akahamia kitanda cha pili, kwa mwanamke aliyefunikwa uso kwa taulo la moto, akamuuliza vivyo hivyo.

"Kila zamu yangu," ilijibu sauti ya yule yule mke mdogo. "Ingawa najisumbua bure. Hata mume akiwa kwangu huoga, akajitia manukato, akaenda kulala kwa mke mkubwa."

Kwa Mwanakombo, mume hakuwahi kuja nje ya zamu.

Alibana kope. Udongo ukaanza kupasuka, chini ya macho.