Mgongo wa Orrin

Tegua kitendawili hiki kwanza, msomaji wangu: yuko nyuma yako siku zote, ukigeuka hayupo. Nani huyo?

Usikimbilie kujibu. Nels alikimbilia, mdomo umejaa chapati za maji zilizorowa shira, akasema ni kivuli. Bibi Solveig akamwambia kivuli cha jioni humtangulia mtu, basi aendelee kutafuna. Orrin, kaka mtu, hakubahatisha. Alikuwa ameinama akikaza kamba za viatu, mwili uko mezani, roho iko uwanjani.

"Nitakujibu tukishamaliza mbio, Bibi."

"Haya, niletee jibu mstarini," akasema bibi yao. Kisha akamgusa Nels kisogoni kwa kijiko. "Na huyu niletee vilevile."

Shule ya Brekke ilikuwa na wavulana watano tu wa mbio za nyika, na mbio hizo huhesabu watano. Shule nyingine zina akiba: mmoja akivunjika, mwingine anaziba pengo. Brekke mmoja asipofika, wale wanne waliofika ni kama hawakutoka nyumbani. Timu mbili za kwanza siku ile zingekwenda fainali za jimbo. Brekke haijawahi kwenda, na mwaka unaofuata isingekuwepo. Shule ilikuwa inafungwa, watoto wahamie mji wa jirani. Ndiyo maana jioni iliyotangulia mji mzima ulijaa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, ukawalisha wavulana tambi mpaka wakashindwa kuinuka. Kila mzee aliyepita alimpiga Nels begani, akamwambia tunakutegemea wewe, kijana.

Nels ndiye aliyekuwa wa tano. Miguu ya korongo, na kifua kibovu kilichopiga filimbi kama birika linalochemka kila baridi ilipokaza. Wenzake walimwita Birika, naye aliitika.

Kocha Haugen alimtafutia dawa. Kwenye nyanda zile upepo hauna huruma, kwa hiyo mwenye nguvu aukate, na dhaifu ajibanze mgongoni kwake. Orrin mbele, Nels kisiginoni. Na sheria moja waliyoimbishwa tangu Agosti: usigeuke nyuma. Anayegeuka huvunja mwendo wake, na adui akimwona uso anajua kachoka.

"Sasa nitajuaje kama upo?" Orrin alimuuliza mdogo wake walipopanga mstari.

"Utanisikia, kaka. Ukisikia birika, nipo."

"Likinyamaza je?"

"Ujue chai tayari."

Wakacheka wote wawili. Bastola ikalia.

Theluji chepechepe ilikuwa inawapiga usoni. Mahindi yalikwisha vunwa, yamebaki mabua na tope. Orrin alikaza macho kwenye jezi nyekundu zilizo mbele, maana ni hao wekundu waliokuwa wakigombea na Brekke ile nafasi ya pili. Kisogoni kwake filimbi ililia, nyembamba, haikatiki. Wakapanda kilima, filimbi ipo. Wakateremka kuingia msituni, ipo.

Msituni kulikuwa na kijito cha kuruka. Orrin akaruka. Nyuma yake maji yakapasuka kwa kishindo.

Shingo ilianza kugeuka yenyewe, akaizuia. Akasikiliza. Kimya, kisha miguu ikichapa tope, ikisogea, na ile filimbi tena, imebana kuliko mwanzo.

Alitamani kucheka. "Twende, Birika," akasema. Hakujibiwa, wala hakutaraji. Pumzi ya kujibu ingetoka wapi?

Kutoka hapo alimvuta kwa maneno. Filimbi ikififia alipunguza mwendo mpaka imkaribie. Upepo ukihamia ubavuni alihamia naye, amkinge. Wakampita mwekundu mmoja, wakampita na mwingine. Alimwambia habari za fainali, na kwamba kitanda cha juu atamwachia mwezi mzima, na kwamba Bibi anangoja pale mbele na blanketi, vumilia, mdogo wangu, vumilia.

Kona ya mwisho watu wa Brekke walikuwa wamejipanga kwenye kamba. Orrin alitegemea makelele, akakuta wamepoa. Mwanamume mmoja alikuwa anapunga mikono yote miwili, akionyesha kule walikotoka. Orrin akaelewa kwamba wekundu wanawakaribia, akaongeza miguu. Bibi Solveig alisimama na koti lake la kanisani, blanketi kifuani. Hakumtazama mjukuu wake. Alitazama juu ya bega lake, mbali, kama mtu aliyedondosha sindano nyasini.

Mstari ulikuwa hapo tu. Orrin akajisogeza pembeni kidogo, amwachie nafasi, wavuke bega kwa bega.

"Malizia, Nels."

Bega likampita. Lilikuwa jekundu.

Mvulana yule alivuka mstari, akainama na kushika magoti, kifua kikimlia kwa baridi. Alipopata pumzi alimnyoshea Orrin mkono. "Asante, kaka," akasema. "Mgongo wako umenikinga upepo tangu kule kijitoni."

Hapo ndipo Orrin alipogeuka. Uwanja ulikuwa mtupu mpaka kwenye miti. Kutoka kwenye miti walikuwa wanakuja watu wawili wamebeba mtu kwenye machela, na hawakuwa na haraka.

Bibi Solveig alimfikia, akamshika jezi kwa mikono yake miwili. Blanketi lilikuwa limedondoka topeni.

"Bibi," Orrin akasema, "jibu ni Nels."