Vyuma vya Dzintra

Kabla mashindano hayajaanza, Vineta aliwaomba wenzake msamaha. Wakamcheka. Walidhani ni kiwewe cha kushindania ubingwa wa dunia hapa hapa nyumbani Sigulda, mbele ya majirani waliomjua tangu anatambaa.

Kocha Imants hakucheka. Alimshika mabega, akamgeuza awaone Waaustria waliokuwa wakipangusa sleji zao, vigari visivyo na magurudumu vinavyoteleza barafuni juu ya vyuma viwili.

"Waangalie, binti yangu. Wanakula, wanalala. Dada yako je?"

Dada yake, Dzintra, alikuwa dukani akikata mkate mweusi, kofia kaishusha hadi machoni. Msimu uliopita hakuna mwanamke aliyemfikia kwa mbio za barafu. Siku ya fainali waamuzi wakapima vyuma vya sleji yake, wakakuta vina joto. Chuma chenye joto huteleza upesi, kwa hiyo kukipasha moto ni wizi mtupu. Wakamtoa, wakamfungia. Aliapa kwa kaburi la mama yao kwamba hakufanya hivyo, lakini nani angemwamini?

Imants peke yake alisimama redioni kumtetea, ingawa wiki ile ile Dzintra alikuwa ameomba apewe kocha mwingine. Watu wakamsifu mzee kwa moyo huo. Alisema ni Waaustria, wameingia chumba cha sleji. Chumba kilikuwa na kufuli, na ufunguo wake hautoki shingoni mwa Imants. Basi mjini wakasema hao Waaustria ni wachawi hasa.

Vineta hakubishana na mtu. Mwaka mzima alifanya mazoezi, na kila alipochoka, Imants alimtajia jina la dada yake.

"Dawa ya moto ni moto," akamwambia sasa.

"Ndiyo, kocha. Leo aliyemtenda Dzintra atalia mbele ya watu wote."

Mzee akaridhika, akashuka kumngojea mwisho wa njia.

Yalikuwa mashindano ya kupokezana. Wa kwanza akifika chini anapiga kibao kinachoning'inia juu ya barafu. Kibao kikipigwa, lango la juu linafunguka na mwenzake anatoka. Baada ya Vineta ilikuwa zamu ya Raivis, mwana wa pekee wa Imants. Tangu ana miaka sita baba yake alimlea kwa ajili ya medali hii, na mwakani Raivis angekuwa amestaafu.

Vineta akajisukuma, akalala chali, miguu mbele. Kona ya kwanza akaipita bila kugusa ukuta. Kufika katikati, saa ikaonyesha amewaacha Waaustria. Watu wakaanza kupiga ngoma na kukumbatiana na wasiowajua. Kona ya mwisho akaichukua chini kabisa, pale ambapo wengi huogopa. Hakuna aliyewahi kushuka Sigulda kwa kasi ile. Imants alikuwa akirukaruka kama mtoto, anamwashiria Raivis kwenye kamera ajiandae.

Alipokikaribia kibao, Vineta aliinuka akakaa. Akamtafuta Imants kwenye umati, akamkazia macho, na mikono yake yote miwili ikabaki imeshika sleji.

Kule juu, lango la Raivis halikufunguka.